Kura ya Nnalongo wa Kisenyi

Nakumbuka siku moja niliyoharibu jambo la watu wengi kwa kusahihisha neno moja. Mwanangu, nimesikia wiki hii mnakwenda Bungeni, wewe na wenzako, kuhusu mswada wa nishati safi na ule wa kuwasogezea watu vituo vya kura. Nimefurahi sana. Lakini kabla hujatoka hapa Ntinda na mabango yako, keti kidogo unisikilize.

Mimi ni mtoto wa polisi. Baba alitoka Gulu, nikazaliwa kambini, na kambini Kiswahili ndicho kilichotulea. Nilikisema vizuri, na nilijua kwamba nakisema vizuri, ndio ubaya wenyewe. Nilipofika miaka ishirini na kitu nikaingia katika kikundi cha vijana waliopigania hewa safi kule bondeni Kisenyi, ambako akina mama walikaanga mihogo tangu alfajiri kwa mkaa, na mkaa ukipanda bei, kwa vipande vya tairi kutoka gereji. Moshi ule, usiombe.

Halmashauri ilikuwa na rasimu ya sheria ndogo. Tuliomba mambo mawili yaingizwe: soko lipate majiko ya umeme, na watu wa bondeni wachague viongozi wao huko huko bondeni, badala ya kupanda hadi juu Old Kampala. Mambo hayo yalikuwa pacha. Mtu ambaye kifua chake kimeliwa na moshi hapandi kilima, na asiyefika kwenye kura, nani atamuuliza habari za moshi?

Msemaji wetu alikuwa Nnalongo, mama wa Kiganda aliyezaa mapacha, kama jina lake linavyosema, mkaangaji wa mihogo. Alikohoa njia nzima tulipokuwa tukielekea halmashauri. Mbele ya madiwani akasimama, akaishika leso yake, akasema, "Sisi tunataka kula kalibu. Kula ikiwa mbali, sisi hatufiki."

Nikacheka, mwanangu. Nikasimama bila kuombwa. "Waheshimiwa, anasema kura, si kula. Hajaja kuomba chakula."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nnalongo akaketi. Wenzake waliokuja kusema nao wakakunja mikono, asiinuke hata mmoja. Mwenyekiti akasubiri, akatazama saa, akasema wakazi hawana la kuongeza, basi mambo yetu yangoje kikao kingine. Wanasema ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile uliwavunja watu.

Kesho yake nikaenda kuomba radhi. Hakunigombeza. Alinisogezea kigoda mbele ya jiko lake, akasema, "Puliza." Nikapuliza. Machozi yakanitoka, nikakohoa mpaka nikainuka.

"Mimi napuliza hiyo kira siku," akasema. "Wewe kule ulisikia Kiswahili yangu. Moshi hukusikia. Na nani alikwambia nimekosea? Mwenye hana kula, hana kula."

Sikujua neno lipi lilikuwa lipi, na nadhani hakutaka nijue. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Niliona aibu ambayo mpaka leo ikinijia njiani nainamisha kichwa.

Nikarudi asubuhi nyingi kumpulizia. Kikao kilichofuata Nnalongo alisema yote mwenyewe, kwa l zake zote, nami nilimbebea kiti tu, mdomo nimeufunga. Majiko ya umeme yalichelewa sana, na kifua chake hakikupona, hilo sitakuficha. Lakini kura ilishushwa bondeni. Siku ya uchaguzi wa mtaa, watu walipojipanga mistari nyuma ya wagombea wao, nilimkuta kasimama katika mstari wake, amevaa gomesi, gauni la Kiganda la sherehe. Kwa heshima zote nikamwambia, "Hongera, Nnalongo. Leo umefika kwenye kula."

Akanitazama kwa huruma.

"Kura," akasema polepole, r ikasikika hadi mwisho wa mstari. "Wewe mtoto ya kambi, Kiswahili imekushinda?"

Safari hii walinicheka mimi, na nilistahili.

Basi, mwanangu, ukifika Bungeni usimsemee mtu aliyekuja na mdomo wake. Mtu akikueleza linalomuuma, usimkate kwa ajili ya herufi. Shika anachokitaka, herufi zina siku yake. Na kabla ya kuinua bango la moshi, nenda kapulize jiko la mtu, uinuke na kikohozi chako mwenyewe. Utakosea, sote tumekosea. Ukikosea, rudi kesho yake asubuhi, usingoje lisahaulike, maana aliyeumia hasahau.

Mungu akupe masikio makubwa kuliko mdomo. Akutangulie njiani, na kila mzee utakayeongozana naye arudi nyumbani akiwa amesikilizwa, na pumzi yake kifuani. Haya, chukua bango lako, nenda.