Alichokuwa Anakisikiliza Bibie

Jamani, mtoto wa mdogo wangu alikuwa akigeuka kutazama mlango ambao hauna mtu.

Darasani anageuka. Mezani anageuka. Ukimtuma chumvi, anasimama katikati ya chumba katega sikio, chumvi kaisahau.

Majirani wakaanza minong'ono. Eti kuna kitu kinamwita.

Mtoto huyo tunamwita Bibie kwa sababu karithi jina la mama yetu. Mwalimu wake akamwita mdogo wangu shuleni: mtoto hamalizi kazi, anaomba ruhusa ya chooni halafu anakutwa getini.

"Huenda ana tatizo la umakini," akasema.

Mdogo wangu akarudi analia. Mimi nikacheka.

"Acha kujiliza, mdogo wangu. Huyo ni Kiroboto wa pili."

Kiroboto ni mwanangu. Yeye ana tatizo hilo kweli, daktari wa watoto alishathibitisha. Anaweza kutoka na kiatu kimoja, akakumbuka cha pili njiani, akarudi nyumbani na kusahau alichorudia.

Basi nikajitia profesa. Nikampa mdogo wangu mbinu zangu zote: kazi fupi fupi, mapumziko, saa ya mezani.

Wapi! Bibie akazidi. Kucha alizitafuna mpaka damu. Kila asubuhi ya shule, tumbo linamuuma.

Tukaenda kwa daktari yule yule. Akaniuliza swali la ajabu: "Akili ya mwanao ikitoka darasani, inakwenda wapi?"

"Popote, daktari. Kwa nzi, kwa kalamu, kwa mpira."

"Na ya huyu?"

Nikamtazama mdogo wangu. Akaangalia chini.

"Wasiwasi nao humvuruga mtoto hivyo hivyo," daktari akasema. "Mchunguzeni, mje mniambie."

Mimi ni msusi, na mdogo wangu hunisaidia saluni. Jumapili nikamkalisha Bibie saluni nimsuke. Mama yake alikuwa nyuma ya pazia, anafua mataulo.

Mtoto akatulia tuli. Kiroboto angekuwa ameshavunja kioo.

Ila nikahisi kitu. Mama yake akiacha kufua, shingo ya Bibie inakakamaa mikononi mwangu. Akiendelea, inalegea.

Nikasitisha kusuka.

"Bibie, unasikiliza nini mwanangu?"

"Mama."

"Mama ana nini?"

Akajibu kwa sauti ndogo: "Kasema nisimwambie mtu."

Papo hapo sauti ya kufua ikakoma. Bomba likawa linamwaga maji tu.

Bibie akachomoka, kichana kinaning'inia kwenye nywele. Nikamfuata mbio.

Mdogo wangu alikuwa sakafuni, anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Nikapiga yowe.

Bibie hakupiga yowe. Alisogeza ndoo, akamwekea mama yake taulo chini ya kichwa. Mtetemeko ulipopungua, akamlaza ubavu. Alifanya upesi, kama mtu aliyezoea.

"Usilie, mama mkubwa," akaniambia. "Atarudi. Huwa anarudi."

Huwa! Neno hilo lilinichoma kuliko kule kuanguka kwenyewe.

Ni kifafa. Mdogo wangu alikificha hata kwangu, akiogopa wateja watatukimbia. Siri yote akamwachia mtoto. Kumbe kule darasani Bibie alikuwa akiwaza nani yuko na mama, na kama akianguka nani atamlaza ubavu.

Sasa mdogo wangu anatumia dawa. Kila asubuhi Bibie anaambiwa nani atakaa na mama yake mpaka arudi. Bado hugeuka, lakini mara chache, na kazi anamaliza.

Wazazi wenzangu, watoto wawili wanaweza kukosa utulivu kwa sababu mbili tofauti kabisa. Ukiona mtoto hakusikilizi, muulize kwa upole anasikiliza nini.

Jana sauti ya kufua ilikoma ghafla nyuma ya pazia. Mdogo wangu alikuwa anaanika tu. Bibie akaendelea kucheka na Kiroboto.

Aliyekimbia na kichana mkononi ni mimi.