Miaka Kumi na Tisa Kando ya Kochi Asilolikalia

Kwa heshima na taadhima, Ukurasa wa Vijana unawatangazia wakazi wote wa Alexandria, Louisiana, pamoja na vitongoji vyake, kwamba tukio tukufu kuliko yote ya majira ya baridi limewadia: mechi ya vyuo ya kandanda ya Kimarekani iitwayo Bakuli la Pekani, ya thelathini na moja tangu kuasisiwa, mbele ya kamera za televisheni na umati usio na idadi.

Idadi ipo. Mwaka jana walikuja watu elfu kumi na moja kwenye uwanja wa viti elfu ishirini na nne. Timu zote mbili zilikuwa zimeshinda mechi sita na kupoteza sita, na wengi waliokuja walifuata gumbo, ule mchuzi mzito wa kwetu.

Basi tuuache uwanja. Twende Hoteli ya Cypress Terrace, kwenye chumba cha mikutano chenye zulia la rangi ya maharage, siku mbili kabla ya mechi.

Saa mbili kasorobo asubuhi. Verlene Guillory, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, anapanga kofia mezani kuanzia ndogo hadi kubwa. Amevaa aproni ya buluu na viatu vya wauguzi. Nyuma yake kuna vipokea sauti vya masikioni, saa za mkono, mabegi ya mgongoni na majiko ya kuchomea nyama. Katikati ya chumba, juu ya jukwaa dogo na chini ya taa yake pekee, kuna kochi la kijivu la mtu mmoja. Ukivuta mpini wake, mgongo unalala na miguu inapanda.

Kando ya kochi kuna kibao: WACHEZAJI TU.

"Mwaka huu ni wa kumi na tisa nasimama hapa," anasema Bi Verlene bila kuacha kupanga. "Hilo ni kochi la saba. Mengine yalichakaa. Mimi bado."

Kazi yake ni kugawa zawadi. Kila mchezaji wa chuo anayefika Bakuli la Pekani hupewa kadi yenye thamani ya dola mia tano na hamsini, wala haizidi hata senti. Huingia chumbani, huchagua, hutia saini na kuandika anwani. Kitu kikubwa hupelekwa nyumbani kwao na kampuni inayotoa zawadi. Lile kochi la jukwaani ni la kujaribia tu.

Na wote hulijaribu. Mwaka jana, kati ya wachezaji mia mbili na kumi, mia moja na arobaini walichagua kochi. Wanakaa, wanavuta mpini, wanafumba macho, kisha wanasema maneno yaleyale.

"Hili namtumia mama," anaiga Bi Verlene kwa sauti nzito. "Halafu anakoroma. Namwamsha, nampa kalamu."

Saa mbili kamili mlango unafunguliwa na timu ya kwanza inamiminika ndani.

"Bi Verlene, kochi hili lipo la rangi nyingine?"

"Lipo la kijivu na la kijivu, baba. Chagua."

"Mama, mimi nataka wewe. Nikufunge kwenye boksi ukampikie mama yangu."

"Mama yako anajipikia. Saini hapa. Hapo si hapo, ni hapa."

"Nipe kofia namba saba."

Anamtazama kijana kichwani mara moja tu. "Wewe ni namba nane. Usijidanganye."

Wenzake wanacheka. "Kichwa hicho kinataka kapu, si kofia!" Kijana anaivaa ile ya nane. Inamkaa sawasawa.

Utani ule wa boksi, anasema, ameusikia kila Desemba, na kila anayeutoa hudhani ameutunga yeye. Zamani alicheka. Siku hizi huinua nyusi, na nyusi zenyewe, anasema, zimeanza kuwa nzito.

Siku za kawaida Bi Verlene hufua mashuka katika hospitali moja ya mjini, kwa dola kumi na nne kwa saa. Kazi ya hoteli hulipa dola kumi na tatu kwa saa, nayo ni ya siku nne tu, na ili aje hutumia siku zake za likizo. Alianza mwaka ambao binti yake alihitaji matibabu ya meno. Meno yalipona, binti akahamia Houston, mama akabaki na Desemba zake.

"Miguu hainiumi tena," anasema. "Inanung'unika tu, kama marehemu mume wangu. Na kama yeye, siijibu."

Mume huyo, Alcide, alikuwa na kochi lake. Aliaga dunia miaka sita iliyopita, na mwaka uliofuata kimbunga kilileta maji hadi dirishani. Bi Verlene alilitoa kochi nje, akaliacha kando ya barabara pamoja na makochi ya majirani, na lori la taka likalichukua. Tangu hapo nyumba yake ina kitanda na viti vinne vya chuma vya jikoni.

"Ukitoka kazini kuna mahali pawili tu pa kukaa," anasema. "Ukikaa jikoni, unapika. Ukikaa kitandani, unalala na viatu."

Hapo ndipo inapoingia habari ya kochi la jukwaani. Bakuli likimalizika, kampuni haina haja tena na kochi la kujaribia, na kamati ya Bakuli humpa imtakaye. Mwaka mmoja lilikwenda kwa meneja wa hoteli. Mwaka mwingine kwa mchungaji. Mwaka juzi kwa shemeji wa Bwana Rusty Hargrove, na Bwana Hargrove ndiye msimamizi wa zawadi na mwenye funguo za chumba.

Mwaka huu Bi Verlene aliliomba kwa barua. Bwana Hargrove alimjibu mbele ya kibao kile, mikono kiunoni.

"Siku ya kugawa zawadi chumba kinafungwa saa kumi na moja jioni, Verlene. Likifika saa hiyo likiwa zima, ni lako."

Ndiyo maana leo Bi Verlene hasogei mbali na jukwaa. Kila mchezaji anayepanda anaambiwa vile vile: "Polepole. Vuta mpini, usiung'oe. Hilo lina mwenyewe."

Saa sita mchana timu ya kwanza imekwisha. Kuna mapumziko ya saa moja. Bi Verlene ana kigoda kimoja tu, nyuma ya meza ya kofia, na ndicho pumziko lake la siku nzima. Amekitoa asubuhi kwa mwandishi wa makala hii ili aandikie vizuri. Sasa anakula wima, akiegemea ukuta. Ana soseji mbili za budini ndani ya karatasi ya mafuta, na moja anampa mwandishi.

"Kula, mwandishi. Huko shuleni kwenu mnalishwa mkate na dua."

Anatoka kwenda kunawa. Chumba kinabaki kimya kwa dakika nne hivi.

Timu ya pili inaingia saa saba. Hii inachukua muda mrefu zaidi, kwa sababu wana ubishi. Mmoja anataka jiko na kochi pamoja. Mwingine anataka kujua kama saa ya mkono inaingia majini. "Inaingia," anasema Bi Verlene. "Kutoka sijui."

Saa tisa alasiri anapanda jukwaani Deontrez Mouzon, mlinzi wa safu ya mbele, kilo mia moja arobaini na nane. Wenzake humwita Kabati. Ni kijana mpole, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake, na tayari amejaza anwani ya bibi yake aliyemlea huko Opelika.

"Litanibeba, Bi Verlene?"

"Limebeba wakubwa kuliko wewe, mwanangu. Kaa taratibu."

Anakaa taratibu. Anaegemea. Anavuta mpini.

Ndipo kochi linapotoa mlio. Mlio wenyewe haufai kuandikwa gazetini. Inatosha kusema ulikuwa mrefu, wenye unyevunyevu, ukapanda mwishoni kama swali.

Wachezaji arobaini wanaanguka kwa kicheko.

"Kabati limefunguka!"

"Funga mlango, Kabati, funga! Kuna maiti ndani!"

"Bibi yako alikulisha nini, bwana?"

Kabati anaruka kwa fadhaa mguu wake ukiwa bado umenasa. Kunasikika mlio wa pili, huu wa chuma. Mpini unabaki mkononi mwake, na sehemu ya miguu inaning'inia upande kama taya iliyovunjika.

Bi Verlene anapanda jukwaani. Anatia mkono kwenye kona ya kiti, anatoa kitu kilicho bapa, anakiingiza mfukoni mwa aproni kabla mtu hajakiona. Kisha anawageukia.

"Nyamazeni! Hiyo ni springi ya kochi. Imezeeka. Mngekaa ninyi ingelia vilevile."

"Springi gani inalia hivyo, mama?"

"Njoo ukae wewe tusikie."

Hakuna anayekwenda. Kabati amesimama na mpini wake, macho yamemjaa maji. Anaomba kubadilisha karatasi yake, achukue jiko. Hataki tena kusikia habari ya kochi.

"Usibadilishe," Bi Verlene anamwambia chini kwa chini. "Bibi yako hana kosa. Mpelekee."

Hakubadilisha.

Bwana Hargrove anafika baada ya dakika tano, akifuata kicheko.

"Nani kafanya hivi, Verlene?"

"Springi, Bwana Hargrove."

"Springi? Asubuhi nililikalia mwenyewe kabla hujafika. Lilikuwa zima kabisa."

"Basi zamu ilikuwa yangu."

Bwana Hargrove anatoa fomu. Kamati ina fomu kwa kila jambo, na hii ina mstari mmoja mrefu: Jina la aliyesababisha uharibifu. Anaeleza utaratibu polepole, kama mtu anayesoma risala. Akiwa ni mtu wa nje aliyeliharibu, mtu huyo atabanwa na kamati, mpini utabadilishwa, na ahadi ya kochi inabaki palepale. Kukiwa hakuna jina, basi ni uzembe wa mhudumu. Kochi litarudishwa kiwandani, na mhudumu hataitwa tena mwakani.

"Una mpaka Ijumaa," anasema. "Nani?"

"Sikumwona mtu," anajibu Bi Verlene, na hilo ni kweli. Hakumwona.

Gazeti hili lilifanya uchunguzi wa kina palepale. Lilihoji wachezaji sita, mpishi mmoja na mtu wa kufagia. Lilipima jukwaa kwa hatua. Lilichora ramani. Hatimaye lilihitimisha kwamba mkosaji ni mtu asiyejulikana, mwenye akili nyingi na mikono myepesi.

Saa kumi na moja jioni wachezaji wameondoka. Bi Verlene anakunja vitambaa vya meza, pembe kwa pembe, kama anavyokunja mashuka. Kochi limefunikwa turubai. Hakulitazama alipolifunika.

"Nilishapapanga mahali pake," anasema. "Karibu na dirisha la mbele. Jumapili ya kwanza ya Januari sina zamu. Ningebandika maharage jikoni, nikae, nivute mpini, na simu ilie mpaka ichoke yenyewe. Ni hayo tu. Si makubwa."

Anamaliza kitambaa cha mwisho. Kisha anaita.

"Mwandishi. Njoo hapa."

Mwandishi anakwenda. Bi Verlene anatia mkono mfukoni na kumwekea kiganjani kifuko chekundu cha mpira, kile kinachojazwa upepo na kufichwa chini ya makalio ya watu ili kitoe mlio kama ule wa saa tisa.

"Chako kilianguka."

Mwandishi anafungua mdomo kuuliza, kwa utulivu mkubwa, gazeti linahusikaje na kifuko hicho.

"Kigeuze," anasema Bi Verlene.

Nyuma, kwa wino usiotoka wa kuwekea alama nguo, kumeandikwa: L. DESSELLE, KITANDA 14.

Wasomaji ambao hawajasoma shule ya bweni hawataelewa. Kwetu, kisichoandikwa jina na namba ya kitanda huibwa kabla ya chakula cha jioni. Unaandika soksi, unaandika mswaki, unaandika sabuni. Mkono unazoea, na siku moja unaandika hata silaha yako.

"Nafua mashuka ya watu mia mbili kwa siku," anasema. "Kitu cha kwanza ninachokisoma ni lebo."

Nilimuuliza kwa nini hakumpa Bwana Hargrove kile kifuko. Kochi lingekuwa lake saa ileile.

"Angepiga simu shuleni kwenu, wangekufukuza kimyakimya, mambo yakaishia ofisini. Na yule mtoto mkubwa wangemtania kwa mlio ule mpaka azeeke." Alivua aproni, akaikunja. "Nimechoka, Lucien. Sina nguvu za kumshtaki mtu. Wewe umesema ni mwandishi. Andika."

"Niandike nini, Bi Verlene?"

"Ulichokiona. Umekaa hapa kutwa nzima, umeona kila kitu."

Ukurasa wa Vijana hutoka Alhamisi. Bwana Hargrove huusoma kila wiki, kuangalia kama picha yake imo.

Basi asome. Bwana Hargrove, kwenye ule mstari mrefu andika: Lucien Desselle, miaka kumi na sita, mtu wa nje. Nilikisukuma kifuko ndani ya kona ya kochi, mahali ambapo ni mtu mzito sana tu angekibana, saa sita na robo mchana, Bi Verlene alipokwenda kunawa, budini yake ikiwa bado mdomoni mwangu. Kilibaki kutoka karamu yetu ya Krismasi, ambako kilikusudiwa mkuu wa shule, na ninadhani yeye naye ameshasoma hadi hapa. Deontrez Mouzon hakufanya lolote ila kukaa. Nililicheka jambo lile kuliko wote, nikiwa nimejificha nyuma ya daftari.

Nitalipia mpini. Kochi liwe dirishani kwake kabla ya Jumapili ya kwanza ya Januari.

Na kile kigoda nilichokikalia siku nzima nikiandika jinsi anavyosimama, kilikuwa chake.