Jani la Isale Halioti

Leonia wa Mwika alikuwa na dawa yake ya hasira, na watu walimcheka kwa ajili hiyo. Ikimpanda, hakumjibu mtu. Alishuka hadi kwenye mfongo, ule mfereji unaopeleka maji vihambani, kwenye mashamba ya ukoo, akatumbukiza miguu na kukaa mpaka ife ganzi. Ndipo alipojiuliza: hii ni hasira kweli, au ni woga? Alijifunza hivyo mwaka aliofiwa na mumewe, Basili, alipogundua kwamba anawafokea wanawe kwa kosa la kifo. Wenye midomo walisema mjane huyu ataondoka na baridi yabisi kabla uchungu haujamfikia.

Mwaka 1975 aliyahitaji maji yale kuliko wakati wowote. Kila wiki lilikuja tangazo jipya la vijiji, kuhama na kujiandikisha. Watu walilala na neno hili, wakaamka na jingine. Aliyemtuliza ni shemeji yake Nikodemo, mdogo wa marehemu na balozi wa nyumba kumi, mtu mwenye sauti laini hata akitukana.

"Shemeji, shamba lako la mahindi kule chini Kahe litagawiwa wengine," alimwambia. "Nenda kajiandikishe kijiji kipya cha huko, ukae msimu mmoja tu. Kihamba nitakuangalizia mimi. Si damu yangu imelala humu?"

Damu hiyo ni Basili, aliyezikwa katikati ya migomba. Leonia aliamini. Alimpelekea Nikodemo mkungu mzima wa ndizi kumshukuru, kisha akateremka na wanawe na jembe lake.

Aliporudi na mahindi yake, alikuta mpaka umetembea. Masale, mimea inayotenga kihamba na kihamba, yalikuwa yamehamishwa hatua arobaini, na udongo wa mashinani bado ulikuwa mbichi. Nyumba yake iliachwa na migomba michache. Kahawa yote, na kaburi la Basili, vilikuwa upande wa Nikodemo.

Jirani yake Priska ndiye aliyemtobolea siri.

"Mkutano wa kijiji ulisema aliyejiandikisha chini amehama huku, dada. Na unajua nani alisimama kulisoma jina lako? Yeye huyo huyo balozi."

Leonia alikaa mfongoni hadi jioni. Miguu ilikufa ganzi, moyo ukakataa. Hasira aliikuta, woga aliukuta, lakini chini kabisa kulikuwa na aibu. Ule mkungu! Alimshukuru mwizi wake kwa mikono yake miwili. Akalia pale pale, kwa sauti. Alipomaliza kulia alijua la kufanya, au tuseme la kutofanya: hatapiga kelele, maana Nikodemo alikuwa akizisubiri kelele hizo ili aseme mjane amechanganyikiwa. Alikwenda kwa Mzee Aristides, mkubwa wa ukoo, akaeleza mara moja, polepole, akaaga.

Mzee naye hakupiga kelele. Alitangaza tu kwamba ukoo hautakunywa mbege, ile pombe ya ndizi, kwa Nikodemo mpaka apatane na mke wa kaka yake. Na binti wa Nikodemo alikuwa akiolewa baada ya wiki tatu. Harusi ya Kichagga bila mbege ya ukoo ni msiba wenye vigelegele.

Jumapili baada ya misa, Nikodemo alifika na Mzee Aristides na wazee wengine wawili. Mkononi alishika jani la isale, mmea ule ule wa mpakani, lililofungwa fundo. Kila Mchagga anajua: ukiletewa isale, husemi hapana. Ukilipokea, ugomvi umekwisha.

"Shemeji, nimekosa. Pokea isale."

Hakutaja amekosa nini. Leonia akauona mtego wote: akipokea, kesi imezikwa pamoja na kaburi la mumewe. Mtu huyu alikuwa anamsaliti mara ya pili, safari hii kwa desturi ya babu zao. Maneno ya moto yakafika kwenye meno. Akawaomba wazee radhi, akaelekea mfongoni, akamwacha Nikodemo na jani lake kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa watu.

Alirudi miguu ikichuruzika maji, akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, shemeji. Wazee mmesikia."

Nikodemo akashusha pumzi.

"Lakini jani halioti," Leonia akaendelea. "Mashina yake uliyang'oa kwenye mpaka wa Basili. Twende ukayarudishe. Jembe ninalo."

Mzee Aristides alicheka mpaka akakohoa, kisha akainuka. "Isale ni isale, Nikodemo. Huwezi kuomba kwa jani na kuiba kwa shina. Chimba."

Nikodemo alichimba hadi alasiri, na suti yake ya kanisani. Kaburi likarudi kwa mwenyewe. Mbege ya harusi ikanywewa, na Leonia akacheza kuliko wote.

Tangu siku hiyo alimwitikia shemeji yake salamu kila asubuhi, kwa moyo mweupe, na habari ya mpaka hakuigusa tena. Ila kila msimu alipoteremka Kahe, alipita mbele ya mlango wa Nikodemo akiwa na ufunguo wa nyumba mkononi, akaenda kumwachia Priska. Nikodemo alimwona miaka yote hiyo, na hata siku moja hakuuliza kwa nini.