Mzee wa Kwenye Igizo

Kaka yangu Polikarpi Rwegasira alikuwa mkali, na sisemi mkali kwa ule utani wa kumsifia marehemu. Alikuwa mkali wa kuchosha. Pale kwake Chonyonyo, wanawe wawili wakisikia kikohozi chake kibanjani, kule kwenye migomba, wanaacha kucheka. Chakula kikichelewa, kinamwagwa. Mtoto akiwa wa pili darasani, anaulizwa huyo wa kwanza kamzidi nini, ana vichwa viwili?

Mwaka 1985 akamfukuza mkubwa, Xaveri. Kosa lenyewe aibu hata kulitaja. Kijana alikata mkungu mmoja wa ndizi bila kuomba, akampelekea mama mkwe wake aliyekuwa mgonjwa. Basi. Kaka akamtupia virago nje mchana kweupe, mkewe Speciose ana mimba, akamwambia asikanyage tena pale mpaka yeye mwenyewe amwite. Wakaenda Mabira kufanya vibarua vya kulima. Mtoto akazaliwa huko, akaanza kutembea, babu na bibi hawajamwona. Wifi yangu Kokwijuka alikonda, jamani, akawa mtu wa kulia jikoni akisingizia moshi.

Wazo nililitoa mimi. Mdomo wangu huu! Celestin, mdogo wake Xaveri, alikuwa kwenye kikundi cha vijana cha kigango chetu, na walitakiwa kuigiza siku ya sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango. Nikamwambia, "Baba yako huwezi kumwambia kitu ana kwa ana. Mwoneshe." Akatunga. Mzee mkali, mwana mkubwa, mkungu wa ndizi. Hakubadilisha kitu ila majina, na nafasi ya mzee akaichukua yeye mwenyewe. Tukamtumia Xaveri salamu aje siku hiyo, maana tuliamini baba yake akishajiona, atamwita.

Siku ikafika. Uwanja wa kanisa ulijaa, kaka amekaa benchi la mbele na fimbo yake. Celestin akatokea na kile kikohozi. Watu wakashika midomo, wengine wakatazama chini. Alipofika pale pa kumfukuza mtoto, wifi alijifunika kanga usoni.

Kaka alicheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Mwishoni, mzee wa kwenye igizo alipobaki peke yake anaumwa, hana wa kumpa hata maji, kaka akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa. Hapo nikajua kazi yetu imekwenda bure.

Igizo lilipokwisha akamwita Celestin. Akamshika bega, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya kwa mtoto wake yeyote.

"Umecheza vizuri sana, mwanangu. Lakini yule mzee ana roho mbaya. Mkungu mmoja tu, unafukuza damu yako?"

Ilikuwa sifa ya kwanza kutoka kwa baba yake tangu azaliwe. Celestin akainama, machozi yakamtoka. Mimi uvumilivu ukanishinda.

"Kaka, na Xaveri je?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechanganya mambo. "Xaveri aliiba," akasema, akaenda zake kunywa pombe ya rubisi na wazee wenzake.

Nilipogeuka, Xaveri alikuwa amesimama nyuma yangu kwenye kona ya kanisa. Alikuwa ametembea tangu jana yake, na mtoto amemlalia begani, amevalishwa shati jipya. Alikuwa amesikia kila kitu. Sikumwona akikasirika, na afadhali angekasirika, ningejua la kumwambia.

Alimhamishia mtoto bega la pili.

"Shikamoo, shangazi," akasema taratibu. "Basi nirudi Mabira?"

Nikamwomba asubiri kidogo tu, mama yake ampakate mjukuu kwanza.