Kitanda cha Matendegu Mafupi

Mwenye kisa hiki ametusihi tusimtaje, nasi tumeficha jina lake na la shule yake. Mengine yote tumeyaacha kama alivyoyaandika.

Ndugu wasomaji, mimi ni mvulana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu. Si mwepesi wa kusema. Mwalimu akiuliza swali jibu ninalo, lakini mpaka nijikaze kulitoa, mwenzangu ameshalisema. Ndiyo maana nimeona heri niandike.

Naishi hapa Kariakoo na kaka yangu mkubwa, ambaye ni kuli bandarini. Wazazi wetu wako kusini katika kijiji cha ujamaa. Kule hakuna sekondari, kwa hiyo kaka alinichukua nije kusomea huku. Tumepanga chumba kimoja. Usiku natandika mkeka ukumbini, kwenye njia ya kupita wapangaji wote. Mama mwenye nyumba hakatai, ila kwa sharti kwamba kukicha asione kitu changu pale, si mkeka wala kitabu. Basi vitu vyangu vyote vinakaa mvunguni mwa kitanda cha kaka. Ni kitanda cha kamba, cha zamani, nacho kaka amekiinua juu ya matofali. Mvunguni kuna mkeka wangu, sanduku la bati la vitabu, na sare za shule. Mchana kaka akiwa kazini, mimi mwenyewe huingia humo nikajinyoosha na kusoma, kichwa kikiwa nje kufuata mwanga wa dirisha. Mtu akiniuliza hapa mjini nakaa wapi, kwa kweli nakaa hapo.

Baada ya Idi kaka anaoa. Mchumba wake ni mshonaji, kwao Buguruni, mcheshi na mwenye moyo mzuri. Siku ya kwanza kuja kutusalimu aliuliza, "Na shemeji analala wapi?" Kaka akamjibu haraka, "Ana rafiki yake wa shule, analala kwao." Nadhani aliona aibu kusema ukumbini. Shemeji akanigeukia, nami nikaitikia kwa kichwa. Uongo ule sasa ni wetu wawili.

Jumamosi iliyopita tulikwenda watatu kwa fundi wa kuchomelea, kuchagua kitanda cha chuma. Vilikuwa vimeegemezwa ukutani, bado havijapakwa rangi. Kaka alikwenda moja kwa moja kwenye besela lenye matendegu marefu na nguzo nne za chandarua. Moyo wangu ukatulia. Fundi naye akakisifia.

"Hiki ndicho kitanda cha mwenye akili, ndugu yangu. Mvunguni unaingiza gunia la mchele, ndoo, masufuria, na mgeni wa shamba akija, naye unamsukumia humohumo!"

Wote wakacheka. Shemeji alicheka hadi akashika ubavu. "Mie sitaki ghala chumbani, wala matofali chini ya kitanda," akasema. "Nataka kile pale, cha kisasa." Alionyesha kitanda cha matendegu mafupi, chenye ubao wa kichwani uliopindwa maua ya chuma. Ni kizuri, siwezi kukisingizia.

"Bibi harusi ana macho!" fundi akasema. "Na hicho hakilii. Jirani atafikiri mmesafiri."

Shemeji akafunika uso kwa khanga. Kaka hakucheka. Aliinama, akapima kwa shubiri kutoka sakafuni hadi kwenye chuma cha ubavuni. Shubiri moja haikutimia. Akainuka akijipangusa mikono kwenye suruali, akanitazama.

"Msomi wetu," akasema, "wewe unaonaje?"

Ndugu wasomaji, nilijua anachoniuliza. Kama ningesema kile kirefu, angekuwa na sababu ya kukishikilia. Lakini lile neno la mgeni wa shamba lilikuwa bado linanichoma masikioni, na shemeji alikuwa ananitazama kwa furaha. Nikasema, "Kile kifupi kimependeza."

"Umeona?" shemeji akamwambia kaka. "Mdogo wako anajua vitu."

Tangu siku hiyo kaka hajagusia habari ya kitanda. Tunakula sahani moja, ananiuliza habari za shule, kisha tunanyamaza. Zamani tulikuwa tukinyamaza hivyohivyo na haikunisumbua. Jana, alipokuwa kazini, nililipima sanduku langu kwa kamba, nikaipeleka kamba ile kwa fundi. Halipiti. Nikamuuliza kama matendegu yanaweza kurefushwa.

"Yanarefuka," akasema. "Ila aje mwenye kitanda aniambie. Wewe ni mwenye kitanda?"

Nikasema hapana, nikaondoka.

Nikimwambia kaka, nitakuwa namtaka amrudie mchumba wake na kukiri kwamba alimdanganya. Nikimwambia shemeji mwenyewe, nitakuwa nimemfedhehesha kaka kabla hata hawajaoana. Nikinyamaza, sioni vitu vyangu vitakaa wapi, na pasipo mahali pa kuweka vitabu naona mwisho wangu ni kuacha shule na kurudi kijijini kwa wazazi. Simlaumu mtu. Mwenye kuulizwa nilikuwa mimi, na mwenye kujibu ni mimi.

Nishaurini, nimwambie nani, na nianzeje? Kitanda bado kiko kwa fundi, kwa sababu rangi imeadimika madukani, na fundi amesema akishapaka rangi hakati chuma tena. Kila mtu nyumbani analalamikia rangi. Mimi nikitoka shule napita kwa fundi, nasimama ng'ambo ya barabara, na nikikiona kile kitanda bado kina kutu, narudi nyumbani nikasome.