Mchezaji Aliyeitwa Mstari

Majivu ya mgunga yakinyunyiziwa maji hutoa harufu kali, kama ya mvua iliyokaribia kisha ikaghairi. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumamosi katika kiangazi kimoja cha miaka ya tisini, nikiwa darasa la tatu. Mama alikuwa mpishi katika chuo cha ualimu nje ya mji wa Kajiado, nasi tuliishi katika nyumba za wafanyakazi, Wakamba wachache miongoni mwa majirani Wamaasai. Asubuhi alizoa majivu jikoni akayatia kwenye karai, na wanachuo wakaja kuyachukua ili wachore uwanja wa voliboli, kwa kuwa chokaa haikuwapo. Mchana upepo wa mbugani ulipoamka, mistari ile ilianza kupeperuka, kwanza pembeni, halafu kote, hadi uwanja ukabaki vumbi tupu lenye wavu katikati.

Timu ya wasichana ya chuo hicho niliipenda kwa moyo wote, na nahodha wake alikuwa Anti Mwende, mdogo wake Mama, aliyekuwa katika mwaka wake wa mwisho. Hata hivyo, kulikuwa na mchezaji mmoja aliyenisumbua akili. Kila mpira ulipoangukia pembeni na watu wakabishana, mashabiki walipaza sauti: "Mstari! Mstari!" Msichana mmoja akatamka neno moja, ubishi ukaisha. Nilisadiki kwamba Mstari ni jina la mtu, pengine mgeni kutoka Rombo au Entarara, mahali ambako nilidhani watu huwa na majina nisiyoyajua. Jumamosi moja niliamua kuwa ni yule mwembamba wa upande wa kushoto. Iliyofuata, akajibu mwingine kabisa. Hatimaye nikamuuliza Baba Naserian, mfugaji jirani yetu aliyekuja kila mechi na rungu lake na kusimama mahali pale pale.

Alicheka mpaka akakohoa. "Kwani wewe huja hapa kuangalia nini? Mstari ni yule ako karibu na mpira. Majivu imeenda na upepo, sasa nani atasema? Si ni yeye ameona?"

Jibu hilo lilinizalia swali kubwa zaidi: je, yule aliye karibu akidanganya? Nililipeleka kwa kocha, mtu mkimya ambaye vyuo vingine vilimcheka kwa kukataa kuchezesha mamluki, watu wasio wanachuo. Hakunicheka. "Wakidanganya hatutakuwa na uwanja," alisema. "Tutakuwa na vumbi tu."

Mwishoni mwa kiangazi hicho ikaja mechi ya kuamua nani angekwenda Kisumu kwa mashindano ya vyuo vya nchi nzima. Anti Mwende hakuwa na mwaka mwingine wa kujaribu. Begi la Mama alikwisha kuliazima, na nguo zake zilikuwa zimekunjwa ndani. Mechi ilikwenda sambamba hadi wageni wakabakiza pointi moja tu washinde, na zamu ya kuanzisha ilikuwa yao. Mpira ulipaa juu, ukavuka wavu, ukaelekea nyuma alikosimama Anti Mwende. "Wacha!" akawaambia wenzake, akasogea pembeni kuupisha. Ukatua, vumbi likaruka, na mwamuzi akaashiria nje. Tuliruka kwa shangwe. Nahodha wa wageni akalalamika, mwamuzi akashuka kutoka kwenye meza aliyosimamia, akainama, asione hata chembe ya jivu. Hapo, kwa mazoea tu, bila mtu kuamua, tukaanza: "Mstari! Mstari!" Ndipo tulipoona ni nani aliyekuwa karibu.

Anti Mwende alitazama pale chini. Nilikuwa nyuma yake, karibu kiasi cha kuona jasho likichora njia katika vumbi la shingo yake.

"Ndani," alisema.

"Wee Mwende!" Baba Naserian alifoka. "Mimi nimeachia watoto ng'ombe nikuje kuona hii?"

"Si ni wewe uliniita? Nimesikia sauti yako."

Jioni Baba Naserian alipita mlangoni kwetu, akasimama kidogo. "Supa, Mstari," alimsalimu kwa Kimaa. "Ipa," Anti Mwende akaitikia. Kisha akaingia ndani, akatoa nguo zake moja moja, akamrudishia Mama begi, na kulia bila kujificha.

Siku hizi ninaishi Kitengela, ambako maghorofa yameziba mbuga, lakini ushabiki haujanitoka. Juzi nilikwenda na binti yangu kutazama mechi chuoni. Uwanja sasa ni wa saruji, na mistari yake ni ya rangi ya njano ambayo upepo hauiwezi. Lakini rangi haioni kila kitu. Mpira ulipita juu ya mikono ya msichana wetu aliyekuwa akizuia, ukatoka nje. Wageni wakasema umegusa kidole chake, na mwamuzi akasita. Nikajikuta nikipiga kelele, peke yangu: "Mstari!" Watu wakageuka kunitazama.

"Mum, Mstari ndiye nani?" binti yangu aliuliza, macho yake yakipita kwenye migongo ya wachezaji.

"Ngoja kidogo," nilimwambia, nami pia nikinyoosha shingo.