Gari Lililochemsha Njia ya Mwadui

Siku daktari wa macho alipotuambia kwamba presha ya macho imeshaua mshipa wa jicho la kushoto la baba, na kwamba la kulia linafuata, baba alimshukuru, akavaa kofia yake, akatoka nje. Mimi nilibaki mle chumbani nikiuliza maswali ambayo daktari alikuwa ameshayajibu. Dawa za matone zingechelewesha tu. Kilichopotea kimepotea. Nilipotoka nilimkuta baba ameshika nguzo ya baraza, anayatazama magari yaliyoegeshwa uani, moja baada ya jingine, kwa kugeuza kichwa kizima. Tayari alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya mgodi wa Mwadui. Mama alifariki nikiwa na miaka mitano, na baba hakuoa tena. Alinilea mwenyewe, mimi binti yake, hapo Ibadakuli karibu na mji wa Shinyanga, na kwa kuwa hakuwa na pa kuniacha, nilikulia kwenye oili. Nilizijua namba za spana kabla sijajua kusoma saa. Nilipokuwa mtu mzima nilihamia Geita nikafungua karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Ilikuwa inaendeshwa na injini ya dizeli niliyoifunga kwa mikono yangu, na ndiyo iliyokuwa inanilisha.

Nyuma ya nyumba ya baba kulikuwa na kibanda cha mabati, na ndani ya kibanda gari la michezo la Kiingereza: jekundu, fupi, la milango miwili na paa la turubai. Mhandisi mmoja mzungu wa mgodini alimwachia baba gari hilo alipomaliza mkataba wake, kwa sababu baba peke yake ndiye aliyeweza kuliwasha bila kulisukuma. Baba aliliendesha kama miaka mitatu, kisha akalipandisha juu ya matofali. Utotoni nilikuwa naingia mle ndani nikikunja usukani. Nikimuuliza kwa nini halitembei, ananijibu kwamba limechoka. Nilikua nikiamini kwamba magari huchoka kama watu.

Baada ya kutoka kwa daktari, baba aliacha kula. Hakusema anagoma. Sahani ilikuja, akanawa, akamega tonge moja, akasema ameshiba. Alikaa sebuleni ameuelekea ukuta. Niliongeza siku za kukaa Ibadakuli, kisha nikaongeza tena. Nilijaribu kuomba, nikajaribu kumsomea, nikajaribu hata kugombana naye. Siku moja mchana nilitoka nje kwa sababu nilihisi nitapiga kelele, nikajikuta nimefungua kibanda. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, panya wametoboa ngozi, nikafikiri: macho siwezi kuyatengeneza, lakini hili naliweza. Kabla jicho la kulia halijazimika, atakuwa ameliona likitembea.

Nilipomwambia, aligeuza kichwa upande wangu. Aliuliza tu, "Unalitakia nini?"

Nilisema nalitaka kwa ajili yake. Akarudi kuutazama ukuta.

Nilianza. Nilisafisha tangi la mafuta lililojaa kutu, nikafungua kabureta zote mbili, nikabadilisha nyaya zilizoliwa, nikatengeneza breki. Kwa kila nilichorekebisha, kingine kilivunjika mkononi mwangu. Nati zilikatika. Mipira ya maji ilimomonyoka kama mkate mkavu. Wakati huohuo nilikuwa napima macho ya baba kwa njia yangu: kila asubuhi nikimwamkia nasimama kidogo zaidi pembeni, nione kama ananiona. Mwanzoni aligeuka kuniitikia marahaba. Baada ya wiki chache alianza kuuliza, "Uko wapi?"

Hatimaye nilifungua injini juu. Nilipoinua silinda hedi, kile chuma kizito kinachofunika injini, na kuifuta, niliona ufa. Ulikuwa umekatiza kati ya valvu mbili na kushuka hadi kwenye njia ya maji. Ufa wa namna hiyo hauji kwa uchakavu. Unakuja chuma kikiwa cha moto sana kisha kikamwagiwa maji baridi. Fundi anayeanza kazi anaweza kufanya kosa hilo. Baba, aliyewafundisha nusu ya mafundi wa karakana, hakuwa mtu wa kulifanya.

Nilimpelekea. Niliweka ile hedi mapajani mwake na kuongoza kidole chake hadi kwenye ufa. Alikiacha kidole pale kwa muda, kisha akakiondoa.

"Funga," alisema. "Rudisha kila kitu, ufunge."

Nilidhani ni aibu ya fundi. Nilimwambia sijafika mbali hivyo ili nirudi nyuma, na ni kweli kwamba wakati ule nisingeweza kurudi nyuma kwa lolote. Nilipeleka hedi kwa wachomeleaji wawili mjini. Wa kwanza aliikataa. Wa pili alijaribu, ufa ukaongezeka urefu. Nikawatumia mafundi wote niliowajua picha yake kwa simu, na wiki ya pili mmoja wa Katoro akanipigia. Alisema Buseresere kuna mama anasaga mahindi kwa injini iliyong'olewa kwenye pikapu ya Kiingereza ya zamani, na kwa macho yake ni injini ileile.

Nilikwenda siku iliyofuata. Nilikuta foleni ya wanawake wenye madebe, vumbi la unga, na katikati ya kelele ile injini. Fundi hakukosea. Mwenye mashine alikuwa mjane wa makamo, Msumbwa, mpole wa sauti na mgumu wa maneno. Alisubiri foleni iishe ndipo akanisikiliza. Nilimweleza habari za macho ya baba, nikamwomba hedi ya injini yake. Nilimweleza vibaya, kwa kuruka huku na kule, na mwishoni nikawa nalia mbele ya mtu nisiyemjua. Alinipa maji ya kunywa.

"Mwanangu, pole," alisema. "Lakini hii ikisimama siku tatu, hawa watakwenda kusaga kwingine na hawatarudi. Umeme hapa kwangu haujafika. Nina watoto wanne."

Nilimwambia nitamtafutia nyingine. Akasema watu wengi wamemwahidi vitu. Kama nataka hii, nilete ile nyingine kwanza, niifunge, isage debe moja la mahindi mbele yake. Hapo ndipo nitafungua ya kwake.

Nilikaa kwenye benchi lake karibu saa nzima. Injini niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu duniani, na ilikuwa Geita kwenye karasha langu. Watu wa busara wangerudi nyumbani kufikiri. Mimi nilipanda gari kwenda Geita, nikawaambia wateja wangu watafute pengine pa kusagia mawe, nikaing'oa. Vijana wachimbaji walinisaidia kuipakia. Mmoja aliniuliza kama nimepata kichaa. Nami nilikuwa najiuliza hilohilo.

Injini yangu ilisaga debe la yule mama kwa muda mfupi kuliko ya kwake. Alichota unga kiganjani, akausugua, akaitikia kwa kichwa. Nikarudi Ibadakuli na hedi nzima ndani ya gunia.

Niliifikisha nyumbani mchana. Baba alikuwa kwenye kiti chake, na sasa alikuwa amekonda hata kola ya shati imemwachia shingo. Nilimwekea hedi mapajani kama mara ya kwanza. Aliipapasa yote bila haraka, akitafuta ufa asiupate.

"Hii si yake," alisema.

Nikamwambia nilikoipata na nilivyoipata. Aliiweka hedi chini, miguuni pake. Kisha akaniita mayu, kama wazee wa Kisukuma wanavyowaita binti zao, akaniambia niketi.

Alisema mama hakufia hospitali. Maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa kwamba alifia huko, na shangazi zangu wote walisema hivyo. Mama alikuwa na mimba, akaanza kutokwa damu asubuhi. Mji ulikuwa karibu, na hospitali ya mjini ilikuwa karibu. Lakini baba alikuwa na lile gari. Mwadui kulikuwa na daktari aliyemfahamu, na alijiona anaweza kufika huko kwa muda ambao mwingine angehitaji kufika mjini. Akaupa mji mgongo. Njiani mpira wa maji ulipasuka, injini ikachemsha. Alisimama, akamwambia mama avumilie. Alichota maji ya dimbwi kwa kofia yake, na kwa haraka ile akayamwaga kwenye injini ikiwa ingali moto. Akasikia mlio.

"Nilijua ni nini," alisema. "Nilijua kabla mlio haujaisha. Nikasimama barabarani nisimamishe gari. Lililopita lilikuwa la mkaa. Tulipompakia mama yako, alikuwa ameshakwenda."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alikuwa anasubiri nikue. Nilimwambia nina miaka thelathini na nane. Akasema, "Najua."

Nilifikiri juu ya mtoto yule aliyekuwa anacheza kwenye kiti kile, na baba aliyekuwa anamtazama akicheza na kumwambia gari limechoka. Nilifikiri juu ya karasha langu lisilo na injini. Nilimchukia kwa siku ile nzima. Nikaacha spana chini zilipokuwa, nikamwomba jirani amwangalie, nikarudi Geita kukaa kwenye banda tupu. Wateja walipita wakielekea kwa wengine na mawe yao kwenye viroba. Walinisalimia kwa huruma na hawakusimama.

Siku ya tano jirani alinipigia simu. Alisema amemkuta baba kibandani, ameangukia bampa, amepasuka kwenye nyusi. Alikuwa amejaribu kuifunga hedi mwenyewe.

Nilirudi. Alikuwa na plasta usoni na oili mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari alikuwa amemaliza chakula. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha. Aliniuliza gasketi ya kukalia hedi nimeiweka wapi. Tulikwenda kibandani, nikamshika mkono hadi kwenye injini, tukaanza. Mimi niliona, yeye alijua. Alinitajia mpangilio wa kukaza nati kuanzia katikati kwenda nje, na baada ya kila mzunguko alipitisha mkono wake juu ya mkono wangu kuhakikisha. Ilituchukua siku tatu. Liliwaka jaribio la nne, likakohoa moshi mweusi, kisha likatulia. Nilimtazama nikitegemea furaha. Alikuwa anasikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Nipeleke pale," alisema.

Tuliondoka asubuhi turubai likiwa limekunjwa. Watu wa Ibadakuli walisimama kutuangalia. Baba alisema mahali gari lilipochemshia ataniambia mwenyewe: kuna mawe mawili makubwa upande wa kulia yameegemeana, na mbele yake kalavati, bomba la maji linalopita chini ya barabara. Tulikwenda taratibu. Niliona mawe mengi, Shinyanga ina mawe kila mahali. Kila mara nilipunguza mwendo nikamweleza ninachokiona. Aligeuza kichwa, akakaza lile jicho moja, akasema hapana, au akasema hajui. Barabara ya zamani ilikuwa ya udongo, na lami haikufuata njia ileile kila mahali. Tulifika hadi njia panda ya Mwadui, tukageuza. Tukarudi. Tukageuza tena.

Safari ya tatu alianza kulia bila sauti. Mahali pale alikuwa anapajua yeye peke yake, na hakuweza kupaona. Mimi niliyeweza kuona sikupajua. Alisema, "Kwa hiyo nimempoteza kabisa," akaufungua mlango gari likiwa linatembea. Nilimvuta kwa shati. Nilisimamisha gari pembeni, popote tu. Palikuwa na kichuguu, na mbuzi wa watu.

"Ni hapa, baba," nilisema. "Nayaona mawe mawili."

Aliuliza kama yameegemeana. Nikasema ndiyo. Aliuliza kalavati. Nikasema ipo, imefukiwa nusu.

Nilimshusha nikamsimamisha kando ya kichuguu. Alivua kofia. Aliinama akachukua udongo, akausugua kati ya vidole kwa muda mrefu, kama mkulima anayenunua shamba. Ulikuwa mchanga mwekundu. Sijui udongo wa mahali penyewe ulikuwaje, na sikuthubutu kuuliza. Kisha akaanza kuzungumza na mama kwa Kisukuma. Nilirudi garini nisisikie, ila nilisikia. Alimwambia mengi ambayo sitayaandika. Alimwambia pia kwamba mtoto amelitengeneza.

Mvua zilipoanza, jicho la kulia lilizimika. Ninaishi naye Ibadakuli. Natengeneza pikipiki za watu barazani, karasha sijalifufua, na sijui kama nitalifufua. Baba anakula, anasikiliza redio, wakati mwingine anakaa siku mbili bila kusema neno. Gari linawaka. Mara mbili ameniomba tupeleke maua ya bustani yetu pale kwenye mawe mawili, nami nimempeleka kwenye kile kichuguu, nikamshika mkono akayaweka chini. Sijamwambia. Kila tunaporudi najiambia nitamwambia leo, na tukifika nyumbani namsaidia kushuka, namwekea maji ya kunawa.